Silinda ya Tatu

Jaribio la kwanza lilikula fyuzi.
La pili likala redio yenyewe, redio mpya,
pauni themanini zikapaa moshi
kabla sijafunga boneti.

"Hukuuliza," akasema Talfryn wa duka la betri,
kwa upole wa daktari wa meno.
"Morris ya hamsini na saba hiyo. Bati lake lote ni chanya.
Wewe umemletea mgeni anayeamini bati ni hasi,
kisha ukamwambia aegemee ukuta."

Basi redio ya pili nikaivika mpira,
tyubu ya baiskeli niliyoipasua kwa mkasi wa jikoni,
nikaining'iniza chini ya dashibodi kwa kamba za plastiki,
isiguse bati, isiguse hata skrubu,
ikae kwa adabu kama mkwe ukweni.
Antena nimeinyima. Ya hewani haitayajua,
itajua tu nilichokipakia kwenye flashi.

Suala la matundu tulishalimaliza, mimi na baba,
kwa kiubao chake cheupe na kalamu nene:
HAKUNA KEEKEE.
Milango hii haijatobolewa tangu itoke kiwandani.
Spika je, nizitie wapi?
Akafuta kwa kiwiko, akaandika:
KWANI NANI ATASIKILIZA?

Miaka thelathini na mmoja
baruti za machimbo zilimla masikio.
Waliezeka nusu ya dunia kwa mawe ya mlima ule,
na mlima ukachukua chake.
Walianza kupotea ndege,
ikafuata kengele ya mlango,
kisha mama. Mama alimpotea mara mbili:
sauti kwanza,
mwenyewe miaka sita baadaye.

Spika ndogo mbili nikaziweka nyuma, chini ya kioo.
Ile ya besi, pana kama sahani ya supu,
nikaijengea sanduku la mbao,
nikailaza chali chini ya kiti cha abiria
na kuifunika kwa kipande cha zulia.
Hakuna tundu hata moja.
Vidole viwili vimeungua kwa lehemu, basi.

Jumapili. Mvua ya Blaenau,
ile isiyonyesha wala isiyokata.
Nikaendesha mimi. Baba kando yangu,
kofia magotini, macho kwenye geji ya mafuta
ambayo haijawahi kusema kweli.
Tulipofika kona ya bwawa nikawasha,
nikaongeza,
nikaongeza tena.

Kanda ya kwaya ya kanisani, mwaka themanini na tatu.
Yeye safu ya nyuma, wa tatu kutoka kushoto.
Sikumwambia.

Akakunja uso. Kiganja kwenye dashibodi,
kisha kwenye paja lake mwenyewe.
"Simama," akasema, kwa sauti kubwa ya asiyejisikia.
"Silinda ya tatu inakosa."

Akashuka. Akafungua boneti mvuani,
akagusa plagi moja moja kwa mpini wa bisibisi
kama mtu anayehesabu watoto wake usiku.
Injini ilikuwa safi. Sikuzima kitu.
Akarudi, akaweka mkono juu ya kiti kitupu:
kinatetemeka.
Akainama, akainua zulia.

"Hii ni mbao ya kabati la mama yako."
Nikaitikia kwa kichwa.

Akaketi. Akafunga mlango mara mbili,
maana wa kwanza haushiki.
Kwa dakika nne kidole chake kilipiga mapigo kwenye goti,
na pale sauti za juu zote zinaponyamaza
wakabaki wanaume wa chini peke yao,
taya lake likashuka,
likatetemeka pamoja na kiti.
Sikumtazama. Vifuta mvua
vina mdundo wao, vilikuwa vimechelewa.

Akatoa kiubao.
TENA, akaandika.
Akakishika hivyo mpaka darajani,
ndipo akakifuta, akaandika polepole, herufi kubwa:
LAKINI ILE YA TATU IANGALIWE.