Zinki

Helka, mwanangu, kopo lako limefika.
Limekaa mezani kando ya kisu cha siagi,
kifuniko chake cha dhahabu kama kofia ya jemadari.
Kibandiko kinajigamba: hukinga seli, huzuia kutu ya mwili.
Kutu!
Unampelekea habari za kutu
mtu aliyekula mshahara wa kutu
miaka thelathini na minane, gatini Rauma.

Chuma kikinywa hewa na chumvi huanza kulika.
Hakipigi kelele. Unakigusa, kinakubaki kidoleni
kama unga wa pilipili.
Ndiyo maana tulibandika tumboni mwa meli
vipande vya zinki, vinene kama mikate,
bahari ivitafune vile, iziache kuta.
Zinki ni ndugu anayetoka mlangoni
na kumwambia mdai: deni lake nalipa mimi.

Ungeniuliza wakati ule
ningekumezea kopo zima.

Lakini majira fulani ya barafu tulizidisha.
Zinki juu ya zinki, na umeme juu yake, kwa upendo tu.
Rangi ikavimba malengelenge,
na bolti ngumu, zile tulizoziamini kuliko zote,
zikakatika kama biskuti.
Tulikuwa tumekilinda chuma
mpaka kikasahau kupinda.

Na babu yako Kalervo.
Wewe ulikijua kikohozi chake tu, kupitia ukutani.
Walitafutwa wanaume wavuta sigara, maelfu,
naye akajiandikisha, kwa kuwa kahawa ya wauguzi ilikuwa nzuri.
Kila asubuhi kidonge kimoja, miaka na miaka.
Chaweza kuwa rangi ya karoti, chaweza kuwa bubu;
hakujua yeye, hakujua aliyempa.
Mama alimshika viganja dirishani
akitafuta umanjano,
akiuona, akiukosa, akiuona.

Kisha majibu yakatangazwa.
Waliomeza karoti
waliugua mapafu zaidi ya waliomeza bubu.
Baba alicheka, akakohoa, akanyamaza.
Akauliza: mimi nilikuwa upande upi?
Barua ikaja, yenye jina lake, yeye akiwa ameshazikwa.
Mama aliiweka chini ya vijiko.
Ipo. Sijaifungua.

Sisemi kopo lako ni sumu, usinielewe vibaya.
Irja wa ghorofa ya chini, macho yake yanaingia ukungu katikati,
daktari amempa vidonge vya jamii hii hii
na ukungu umepunguza mwendo.
Kopo lake lina jina la ugonjwa.
Langu lina jina la hofu yako.

Nimelipima kwenye mizani ya jikoni:
gramu mia na kumi na mbili, pamoja na kofia.
Nikapima karoti mbili: zaidi kidogo.
Nikapima pakiti yangu ya sigara, na mshale
ulisogea kidogo mno, mno,
kwa kitu kilichomlaza baba.
Mizani hii haifai. Ni ya unga.

Saimi wa zahanati aligeuza kopo, akasoma mgongo wake
kama asomaye mkataba wa nyumba,
akavua miwani.
"Bado unavuta?"
Kumi kwa siku.
"Basi hili lirudi kwa Helka, na sisi tuanzie kwenye kumi."

Sitalirudisha. Ulilifunga kwa karatasi ya Krismasi
na huu ni mwezi wa nane.

Njoo Jumamosi. Matunda meusi yameiva nyuma ya reli;
tutachuma hadi meno yawe ya zambarau,
tutadanganyana ndoo ya nani imejaa.
Hayo nayo, wanasema, yana dawa ile ile,
ila mtu huchoka kuinama kabla hajazidisha.

Halafu jioni tufungue ile barua. Au tusifungue.
Kopo nimeliweka juu yake,
chini ya vijiko.

Leo nimevuta tisa.