Mwiko na Bangili

Raya, mwanangu wa pili,
kaniletea bangili,
rangi yake ya asali,
kanivisha mkononi.

Nami mpika haluwa
sukari imenijuwa,
mguu wanisumbuwa,
hapa Wete, Utaani.

Tabibu kaniambia:
"Kutembea ndio njia,
elfu kumi kutimia
kila siku, Athumani."

Bangili haina saa,
ina vitano vitaa,
ukizunguka mitaa
huwaka kwenye foleni.

Uzuri siupunguzi:
nyepesi kushinda uzi,
nikitawadha siwazi,
maji hayapiti ndani.

Na chaji yake si haba:
umeme ukatwe saba,
yenyewe imeshashiba,
wala haidai deni.

Msikitini nendapo
huulizwa papo hapo:
"Hirizi au kiapo?"
Nacheka tu barazani.

Siku ya kwanza Jadida
nikenda kama ibada,
nikarejea kwa shida:
taa mbili tu, jamani!

Kesho yake nakoroga
haluwa, jasho naoga,
nisibanduke kwa woga
isije kushika chini.

Saa tatu nipo pale,
mwiko nyuma, mwiko mbele,
bangili: vigelegele,
"Umefika kileleni!"

Taa zote zimewaka,
kizingiti sijavuka;
akacheka, akacheka
Faki, mchochea kuni.

Jumamosi nasukuma
mkokoteni mzima
wa sukari, nikihema,
kupanda toka gatini.

Mikono haikucheza,
bangili ikanipuza,
kilima ikakimeza:
zote, hatua tisini.

Faki kanipa shauri:
"Mvishe mbuzi jeuri,
atatembea vizuri,
we ubaki kivulini."

Bikombo, mama watoto,
akataka iwe kito,
juu ya piko nzito
kuivaa harusini.

Hupima moyo kwa mwanga,
piko ikawa ni kanga;
na Bikombo akiringa,
moyo hana kifuani!

Kifungo ni kilegevu,
yaanguka kama mbivu,
naiopoa kwa nguvu
chunguni, na zafarani.

Mwezi ulipotimia
tabibu kafurahia
hatua kuzipitia,
akitazama simuni.

"Umetembea, mzee,
si haja ukongojee;
sasa damu itokee,
tone moja kidoleni."

Damu haina mapambo,
haijui huo wimbo,
ikasema kila jambo:
sukari ni ishirini!

Tabibu akaduwaa,
bangili bado yang'aa,
nami kimya, nazubaa:
mwiko, niseme ni nini?

Bangili haikujua
ukoko naubandua
na kinywani nautua;
naonja, ndio mizani.

Lakini hayo mazaha;
kuna siku si za raha:
kafa ndugu yangu Taha,
ilikuwa Shaabani.

Nililala, kimya, chali,
macho wazi, juu, mbali,
sikutikisa bangili
mpaka alfajirini.

Kukicha yanipongeza:
"Umelala, umeweza,
usingizi wa kupoza,
saa saba za thamani."

Sikuikasirikia:
mkono huusikia,
haijafunzwa kulia
wala kusoma huzuni.

Raya kwenye simu jana:
"Baba, hatua naona!
Wazidi kuwa kijana!"
asema huko Omani.

Kumbe kila siku huko
hunitafuta niliko:
hata kama ni kwa mwiko,
ningali hai jikoni.

Faki nimempa zamu,
akoroge, afahamu;
mimi nina yangu hamu
ya kufika Mtemani.

Nakwenda pole, kwa goti,
nachoka, napewa kiti,
na bangili haisiti
kumwambia: yu njiani.