Mawanda

Tarmo aliondoka Ijumaa. Ameacha kikombe
chenye ukoko wa kahawa, na ufunguo
usioshikika kwa mkono.
Leo Jumapili, Tartu, nyuzijoto kumi na nane chini ya sifuri,
mto umejifunika barafu hadi masikioni,
nami nasoma orodha:
Tarmo Kuusik, msimamizi.
Mawanda: yote.
Kikomo: hakuna.

Nani alimpa? Nafukua tarehe. Mwaka wa kwanza,
wapangaji wetu walipokuwa watatu:
mwoka mikate wa Võru, mwalimu wa fidla,
na yule mfuga nyuki aliyepiga simu kuuliza
kama mvua ikinyesha wingu litavuja hesabu zake.
Siku zile "yote" lilikuwa neno dogo.

Sasa ni mia nne na kumi na wawili, paa moja.
Kuta zao ni mistari ya msimbo,
nyembamba kuliko ganda la kitunguu.
Mwoka mikate hajui kwamba jirani yake ni kampuni ya mazishi,
wala mazishi hawajui nani analia ghorofa ya juu.
Kila mmoja anadhani nyumba ni yake peke yake.
Kudhani huko ndiko wanakolipia.

Basi nakata.
Tarmo kwanza. Mfumo unauliza, Una hakika?
kama karani wa talaka.
Liivika: malipo tu, asome, asiandike.
Raivo anataka funguo zote, eti dharura haipigi hodi;
nampa saa moja, kwa sababu iliyoandikwa,
na kila mlango utaweka jina lake kitabuni.
Atanuna. Anune.

Kisha mstari wa mwisho.
Maimu Rebane. Mawanda: yote.

Mpangaji wa mia mbili na sita ni zahanati.
Oktoba mama alikwenda huko, akarudi na bahasha,
akasema si kitu,
akapika supu ya kabichi, akazungumzia bei ya kuni.
Miezi minne nimeujua mlango ule.
Sijaugusa. Ila nimepita karibu nao
kama mtu anayeingia jikoni usiku wa manane
akijiambia anatafuta maji.

Kikulacho ki nguoni mwako;
na nguo hii nimeivaa miaka sita, sijaifua.

Una hakika?
Kidole kinakaa juu ya kitufe
muda mrefu kuliko kilivyokaa kwa Tarmo.

Najaribu mlango, kuhakikisha tu.
Huna ruhusa ya kuona ukurasa huu.
Sentensi nimeiandika mwenyewe, mwaka juzi,
kwa ajili ya watu wengine.

Nachukua simu. Inaita mara tano.
"Maimu? Kuna nini saa hizi?"
"Hakuna," nasema. Halafu nasema,
"Mama, ile bahasha."

Nasikia anazima redio.
Nasikia anavuta kiti.