Laini ya Tatu

Saa mbili asubuhi, taa nyekundu imewaka,
ghorofa ya pili, juu ya duka la betri za magari,
hapa Ibra, ninapopokea sauti za watu
kabla hazijawa za watu wote.

Kazi yangu ndogo: Jina? Mtaa? Shida gani?
Punguza redio yako, mama, inarudisha mwangwi.
Laini ya kwanza, taa za barabarani.
Ya pili, kijana wa diploma mbili na kazi hana hata moja;
hupiga kila Jumatatu,
namjua kama ninavyojua kikohozi cha baba yangu.

Laini ya tatu, pumzi tu. Kisha mwanamke.
Kiarabu chake kimevaa viatu vya kuazima:
kinatembea, lakini unasikia kinavyobana.
"Ghaniya binti Msellem. Ng'ambo ya wadi.
Nataka kusema habari ya basi la watoto."

Nikamjua kwa mguno, ule *mm-hu* wa jikoni kwetu.
Kwetu Kiswahili ndiyo lugha ya kuombea chumvi.
Hapa kazini, miaka sita,
sijakitamka hata nilipojikwaa.

Nikamrusha hewani.
Ustadh Yakdhani, sauti ya asali na iliki;
pembeni yake mhandisi wa baladia
na faili la buluu ambalo sijawahi kuliona likifunguliwa.
"Karibu, mama. Lafudhi yako ngeni. Asili yako wapi?"

Sekunde mbili.
Redioni sekunde mbili ni kisima.

Kisha Kiarabu chake kikavua viatu.
"Asili yangu ni pale basi linapokwama," akasema, kwa Kiswahili.
"Mie nilishuka na mabegi mawili, mwaka wa sabini na tatu,
na maji yakiteremka mlimani
hayaniulizi nimetoka wapi.
Watoto kumi na mmoja, mwanangu!
Dereva kapandisha kanzu hadi mapajani
anapima wadi kwa mpini wa ufagio.
Waambie hao.
Yupo hapo anayenielewa, yule aliyepokea simu.
Kanijibu kwa Kiarabu
lakini kanipumulia Kiswahili."

Ustadh akanitazama kupitia kioo.
Mhandisi akanitazama.
Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kukata,
kitufe kidogo, kimefifia kwa kuguswa.

Nikafungua maikrofoni ya majaribio.
Nikatafsiri. Mabegi, mwaka, maji.
Nilipofika kwenye mpini nikakosa neno,
nikasema tu ufagio,
na nadhani mkoa mzima ukauona.

"Jambo hili," akasema mhandisi, "liko mezani, linachunguzwa."
"Meza gani?" akauliza Bi Ghaniya,
kwa Kiarabu safari hii, na hakikubana popote.

Baada ya hapo laini zote ziliwaka.
Mtu wa Samad, mtu wa Mudhaibi,
mzee mmoja aliyesema naye ana wadi yake,
asionewe. Na bibi mwingine
hakuwa na shida yoyote ya umma;
alitaka kujua tu: "Wewe mtoto wa nani?"
Nikamtajia. Akanyamaza, akacheka, akakata.

Mwezi uliofuata wakaja mafundi na gari jeupe.
Wakasimamisha nguzo kando ya wadi,
nyekundu na nyeupe, yenye namba za mita,
wakaipiga picha, wakaenda zao.

Jumatatu, laini ya tatu. Sijui huichaguaje.
"Nguzo nimeiona," akasema. "Nzuri. Imenyooka.
Sasa tutajua
watoto wamezama mita ngapi."

Sikumwuliza jina wala mtaa.
"Punguza redio, bibi," nikamwambia
kwa lugha ya chumvi,
nao wenzangu wote wakisikia,
"uko hewani."