Chupa ya Plamu

Tinkara alipiga simu saa ambayo hapigi.
Akaanza na theluji, akaja kwenye bei ya kuni,
nami nikajua: anayezunguka hivi
ana kitu katikati hataki kukikanyaga.
"Lovro ana vipele," akasema.
"Daktari anasema ni surua."

Nikazima jiko. Vitunguu vikabaki nusu.

Jumamosi tulikuwa kwake sote, madirisha yamefungwa,
Maribor nzima imejikunyata kwa baridi.
Mishumaa mitano, na Lovro akaizima
kwa pumzi tatu na mate kidogo,
tukacheka, tukapiga makofi, tukaila keki ile ile.
Vid wangu, miezi minane, meno mawili,
alipita mikono hadi mikono kama sinia la peremende.
Lovro akambusu utosini.
Nilipiga picha. Ipo. Sijaifuta.

Kwenye kadi ya Vid chanjo hiyo ina tarehe yake,
kwa wino wa buluu, ng'ambo ya siku yake ya kuzaliwa.
Mpaka hapo aliishi kwa dhamana ya wenzake:
mtu asiye na mwavuli
anayevuka mvua katikati ya wenye miavuli.

Zahanatini, muuguzi Nives alihesabu kwa vidole,
mosi, pili, tatu, nne, tano,
kana kwamba siku zilipewa majina
kwa ajili ya hesabu hii tu.
"Chanjo ya dharura mmeikosa kwa siku moja," akasema.
"Tutampa kingamwili."
Paja la Vid lilikuwa dogo kuliko kiganja chake.
Alilia mara moja, akanitazama, akasahau.
Mimi ndiye sikusahau.

Usiku, Gorazd alitaka kumpigia Tinkara amwambie.
Amwambie nini?
Kwamba hatukujua?

Tulijua. Kiangazi cha mwaka juzi,
tukitoa kokwa za plamu jikoni kwake,
vidole vyekundu hadi kwenye kucha,
alisema, "Bado nasoma. Bado napima.
Mwili wa mtoto una akili yake."
Nami nikasema, "Mm."
Hiyo ndiyo hotuba yangu yote. Mm.
Nikalamba kijiko, nikasifu jemu,
nikabeba chupa yangu nyumbani.
Sikutaka kuharibu alasiri.

Siku ishirini na moja, akasema Nives,
na kwa dawa ile, huenda zaidi.
Kipimajoto kikawa saa yetu ya ukutani.
Siku ya tisa, mafua. Sikulala.
Siku ya kumi na mbili, doa shingoni:
nilileta taa, nilileta miwani,
lilikuwa uzi mwekundu wa sweta.
Nikakaa sakafuni na huo uzi mkononi.

Lovro alilazwa wiki mbili. Mapafu.
Nilimtumia mamake ujumbe: Anaendeleaje?
Akajibu: Anakunywa maji.
Nikajibu: Vizuri.
Miaka kumi na mmoja ya urafiki
ikapita katika maneno hayo kama nyuzi katika tundu la sindano.

Siku ya ishirini na nane Vid aliamka na jino la tatu,
na homa ya jino, homa ndogo ya kawaida,
nikaibariki.

Jana niliwaona kwenye korido ya zahanati.
Ajda, mdogo wake Lovro, mkono wa sweta umekunjwa,
pamba imebandikwa begani.
Lovro amekonda, anageuza kichwa
aitwapo kutoka upande wa kushoto.
Tinkara aliondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni.
Hakusema, keti.
Sikuketi. Wala sikuondoka.
Vid akanyoosha mkono kwa Lovro,
kwa kuwa anamjua.

Chupa yake iko dirishani kwangu, imeoshwa,
jua la Februari linapita ndani yake bila kugusa kitu.
Baina yetu chupa haijawahi kurudi tupu.
Naitazama.
Sijajua nitatia nini.