Kengele ya Chumba cha Kumi na Nne

Rangi mbichi ukutani. Bwana Jela anatabasamu.
Wakaguzi wenzake wanaandika: safi.
Morven Rennie haandiki.
Anainama, ananusa chini ya godoro.
Kitanda hiki alikilalia miaka sita,
kunguni wake anawajua kwa majina.

"Kengele inafanya kazi?"
"Barabara kabisa, mama."
Anaibonyeza. Anaketi. Anatazama saa.

Nje, mvua ya Uskoti haina haraka.
Dakika tano. Bwana Jela anakohoa.
Kumi na moja. Anapapasa redio kiunoni.
"Iache," anasema Morven.
"Usiku alipobonyeza Shona
hapakuwa na wageni."

Dakika ya ishirini na tatu
viatu vinasikika koridoni,
vinatembea, havikimbii.

Sasa anafungua daftari.