Tarehe za Maji Machache

Nimelifungua daftari kwenye ukurasa wa hesabu za makaa,
nikachora mstari katikati:
huku pesa tuliyonayo, huku nyumba ya bwawani.
Kulala mara mbili. Vyumba vitatu. Watu tisa,
ingawa Bwana Kishimba, mshika funguo,
nimemwambia sita.

Kwenye simu ana sauti ya mtu aliyeketi kivulini.
Anasema jenereta ipo, ila mafuta ni yenu.
Anasema godoro la ziada ni franka elfu kumi.
Anasema mtumbwi upo,
ananyamaza kidogo,
anasema, ulikuwepo.

Picha aliyotuma nimeikuza mpaka ikawa matofali:
baraza ya mbao, viti vinne vyekundu,
na maji, maji yamefika hadi ngazi ya mwisho
kama mgeni asiyetaka kubisha hodi.
Ilipigwa mwezi wa pili, bila shaka.
Mwezi wa pili hata mtaro wa Katuba una mbingu ndani yake.

Numbi anasema tubebe unga wetu,
bukari ya huko huuzwa kwa bei ya harusi.
Fidele anataka ndoana.
Shemeji anauliza kama kuna televisheni, kwa sababu ya mpira,
na watoto wamekwisha kugombania kitanda cha juu
ambacho sijui kama kipo.
Mimi nataka kitu kimoja, sijakiandika:
kuamka mahali ambapo simsikii jirani
akihesabu madumu yake bombani.

Bei ni mbili.
Mwezi wa tatu, bwawa likijaa, dola themanini kwa usiku.
Mwezi wa kumi, mvua haijaanza, thelathini na tano,
"kwa sababu," anasema Kishimba, "maji yanarudi nyuma,
yanaacha tope, na harufu, na visiki.
Wageni hawapendi visiki."

Nikatia alama mwezi wa tatu.
Zamu yangu ya likelemba itakuwa imefika,
na kilichopungua ningemkopa Numbi, ambaye hukopesha
na kukukumbusha kila Jumapili baada ya misa.

Mama alikuwa akichambua lengalenga.
Hakuwa ameuliza lolote juu ya likizo,
neno lenyewe hulitamka kama jina la dawa.
Akasema: visiki vya nini?
Sijui, Mama. Visiki.
Upande gani?

Nikampigia Kishimba tena, salio likiishia mdomoni.
Mashariki, akasema, chini ya kile kichuguu kikubwa.
Kuna na matuta, kama ya mihogo.
Yanaonekana wiki tatu, nne,
kisha mv

na simu ikakata.

Mama akaweka sinia chini.
Mimi nilizaliwa mwaka ule walipoufunga mto.
Najua kwamba familia ilikuja Katuba kwa lori,
kwamba alilipwa karatasi yenye muhuri,
kwamba karatasi iko ndani ya kopo la maziwa
na kopo halifunguliwi.

"Ilikuwa na miezi minane," akasema.
"Majani yamefika hapa." Akagusa bega.
"Sikung'oa hata shina moja. Walisema Jumatatu,
wakaja Ijumaa."

Jikoni maharagwe yalikuwa yanaungua, hakuna aliyeinuka.

"Huo mwezi wa kumi, umesema bei gani?"
Nikamwambia.
Akacheka, kicheko kikavu kama ganda la karanga.
"Thelathini na tano. Nilale kando ya shamba langu."
Akachukua sinia, akachambua majani mawili, matatu.
"Muulize kama ana jembe,
au nibebe langu."

Nimefuta mwezi wa tatu, karatasi ikatoboka.
Chini ya unga, ndoana, vyandarua, mafuta ya jenereta,
nimeandika: jembe, moja.
Watoto sijawaambia kwamba maji yatakuwa mbali.
Kishimba naye anajua watu sita tu,
na hajui tunakuja kuvuna.